Mkwaju Mbaya na Kazi Yake: Fani katika Video za Gofu

Gofu ni mchezo mgumu kuonyeshwa. Mpira wake ni mdogo, kipenyo chake hakifiki hata sentimita tano, na ukishapigwa unakwenda mita mia mbili na zaidi. Kamera huupoteza angani kama jicho la mtu linavyoupoteza. Raundi ya mashimo 18 inachukua saa nne hivi, na katika saa hizo zote mchezaji anakuwa ameugusa mpira kwa dakika chache tu. Muda uliobaki ni wa kutembea, kupima, kutafuta na kungoja. Kandanda inajisimulia yenyewe, kwa kuwa mpira uko machoni na watu wanaugombania. Gofu inahitaji msimulizi.

Runinga ililimaliza tatizo hilo kwa kurukaruka. Matangazo ya shindano kubwa yanamwonyesha mchezaji mmoja akipiga kwenye shimo la nne, mara yanahamia kwa mwingine kwenye la kumi na moja, kisha kwa mwingine anayelenga kutoka mchangani. Mtazamaji anapata mikwaju mingi mizuri kwa saa moja, lakini hapati mtu wa kuandamana naye. Anamwona bingwa akipiga. Hamwoni akikokota miguu kuelekea mpira ulioingia vichakani, akiwaza atautoaje.

Watayarishaji wa video za YouTube walianzia pale runinga ilipopaacha. Kocha Mwingereza Mark Crossfield alikuwa miongoni mwa wa mwanzo kubeba kamera uwanjani na kumpeleka mtazamaji shimo baada ya shimo, akithibitisha kwamba raundi ya mtu mmoja, pamoja na makosa yake yote, inatazamika mpaka mwisho. Leo watayarishaji ni wengi, na wakubwa wao wanatazamwa na mamilioni. Swali linalonishughulisha ni la kihakiki: ikiwa uwanja ni uleule, fimbo ni zilezile na mpira ni uleule, kwa nini huyu anavuta hivi na yule anavuta vingine?

Watu wengi hutaja ustadi, ucheshi au jina. Majibu hayo hayatoshi. Mabingwa waliotamba kwenye runinga hawavumi wote mtandaoni, na wapo wachezaji wa kiwango cha kawaida ambao mashabiki hawakosi hata video moja yao. Ninavyoona mimi, tofauti iko katika fani, na fani hiyo inajionyesha wazi zaidi mkwaju unapoharibika. Mkwaju mzuri unafanana kwa wote: mpira unapaa, unatua karibu na bendera, mtu anatabasamu. Mkwaju mbaya ndio unaomlazimisha mtayarishaji kuchagua. Aukate wakati wa kuhariri? Auhesabu? Aueleze? Auchekee? Uchaguzi huo ndio unaozaa taharuki, unaomjenga mhusika na unaoamua mtazamaji akae upande gani wa tukio.

Tumwanze Rick Shiels. Ni Mwingereza, kocha mwenye cheti cha chama cha makocha na wachezaji wa kulipwa, aliyekuwa akifundisha gofu eneo la Manchester kabla chaneli yake haijakua na kuwa mojawapo ya kubwa kabisa za mchezo huu. Sehemu ya jina lake ilitokana na video za kujaribu fimbo mpya, ambazo muundo wake unafanana na wa kesi: linatajwa dai la kiwanda, unapimwa mwendo wa mpira kwa mashine, kisha inatolewa hukumu. Lakini kazi yake yenye msuko imara zaidi ni mfululizo wa Break 75, ambapo anajaribu kumaliza raundi kwa mikwaju isiyofika 75 kwenye viwanja vigumu vya mashindano.

Masharti yenyewe ni sehemu ya fani. Hakuna mkwaju wa kurudia, hakuna mpira wa karibu na shimo unaosamehewa, kila kinachopigwa kinaandikwa. Muundo ni wa moja kwa moja, toka shimo la kwanza mpaka la mwisho, bila kurejea nyuma. Kabla ya kupiga, Shiels anaigeukia kamera na kutamka nia yake: umbali uliobaki, upepo unakotoka, fimbo aliyoishika, upande wenye hatari. Inaonekana kama mazoea ya mwalimu tu, kumbe ndiyo mashine inayoiendesha video nzima. Kwa kutaja anachokusudia, anamkabidhi mtazamaji kipimo. Akisema atalenga katikati ili ayakwepe maji ya kulia, na mpira ukaelekea kulia, hakuna haja ya maelezo. Tumeshaliona pengo kati ya neno na tendo, na mkwaju mbaya umefanya kazi yake hapo hapo.

Uchaguzi wa namba nao una akili. Kwenye uwanja ambao kiwango chake ni mikwaju 72, namba 74 inamruhusu kupoteza mikwaju miwili tu. Kwa mchezaji wa kiwango chake, lengo hilo liko kwenye ukingo wa uwezo, anaweza kulifikia na anaweza kulikosa. Shimo moja likiharibika vibaya, mtazamaji anaanza kupiga hesabu kichwani: amebakiza mashimo saba, amekwisha tumia akiba yote, sasa lazima apate japo shimo moja zuri. Taharuki ya Shiels ni ya hesabu, na ndiyo maana inaaminika. Haitegemei muziki wa kuikuza, wala kelele. Tatizo lake limo ndani ya nguvu hiyohiyo. Hesabu ikifa mapema, tuseme kwenye shimo la kumi na mbili, mashimo sita yaliyosalia yanabaki bila injini, na video inaegemea upole na maneno yake tu. Anayependa gofu atakaa. Mwingine ataondoka.

Bryson DeChambeau anatoka upande mwingine kabisa. Ni bingwa mara mbili wa U.S. Open, mwaka 2020 Winged Foot na mwaka 2024 Pinehurst, ambako kwenye shimo la mwisho aliutoa mpira mchangani umbali wa yadi 55 hivi mpaka karibu na shimo na kumshinda Rory McIlroy kwa mkwaju mmoja. Miaka michache kabla ya hapo, wengi walimwona kama mtu wa hesabu na vipimo tu, asiyependeka. Mwaka 2022 alihamia ligi mpya ya LIV, na hasira za mashabiki wa mfumo wa zamani, PGA Tour, zikaongezeka. Chaneli yake ya YouTube imefanya kazi kubwa ya kumsawiri upya, na inafaa kuangalia imefanyaje.

Mfululizo wake wa Break 50 unamweka na mgeni mmoja. Wanaanzia vituo vya mbele, vilivyo karibu zaidi na shimo, na wanacheza kama timu: wote wawili wanapiga, wanachagua mpira uliokaa vizuri zaidi, kisha wote wanapiga tena kutoka hapo. Lengo ni kumaliza raundi chini ya mikwaju 50. Kwenye uwanja wa kiwango cha 72, hiyo ni kusema mikwaju 23 chini ya kiwango, yaani karibu kila shimo lipungue mkwaju mmoja na baadhi yapungue miwili. Kwa masharti haya mkwaju mbaya unabadilika kabisa. Mgeni akipeleka mpira msituni hakuna kinachoandikwa, kwa sababu wa Bryson upo. Kosa linafutika. Linalobaki kwenye kumbukumbu ni ile mara moja au mbili ambapo Bryson amekosa na mgeni amepatia, na bingwa anamrukia kwa furaha kama mtoto.

Fani hii ni karimu. Inamruhusu mcheshi, mwanamuziki, nyota wa mpira wa kikapu kama Stephen Curry au mkongwe kama John Daly aonekane akichangia, bila kuaibishwa na ubovu wa siku yake. Lakini ukarimu huo una upande wake, na mhakiki hana budi kuusema. Julai 2024, katikati ya kampeni za urais wa Marekani, mgeni alikuwa Donald Trump, kwenye uwanja wake wa Bedminster, New Jersey. Walimaliza kwa mikwaju 50 kamili, hivyo lengo likawaponyoka kwa mkwaju mmoja. Itazame video ile kifani, pasipo kujali unampenda au humpendi mgeni, utaona muundo ulivyomfaa mwanasiasa anayeomba kura: makosa yake hayahesabiwi, mafanikio yake yanashangiliwa na bingwa wa U.S. Open, na mazungumzo yanafanyika kwenye kigari cha gofu, mahali pasipo mwandishi wa habari wa kumhoji. Mgeni huyohuyo chini ya masharti ya Shiels angetoa video nyingine kabisa. Muundo unaofuta makosa unamfaidi kila anayetaka kuonekana bila makosa, na mtazamaji anapaswa kulijua hilo anapocheka.

Hata hivyo kazi bora ya DeChambeau haina mgeni yeyote. Novemba 2024 alianza mfululizo mfupi wa kujaribu kuuingiza mpira shimoni kwa mkwaju mmoja, kwa kuupitisha juu ya paa la nyumba yake mwenyewe. Yeye anasimama upande mmoja wa nyumba, na eneo la kijani lenye shimo liko upande wa pili. Siku ya kwanza anapiga mpira mmoja, ya pili miwili, ya tatu mitatu, na kuendelea hivyo. Alifaulu siku ya 16, kwa mpira wa 14 wa siku hiyo. Ukijumlisha siku zote unapata mikwaju 134, na 133 kati yake ilikosa.

Hapa fani imekomaa kuliko popote nilipotaja. Kwanza, umoja wa mahali na tendo: hatutoki pale nyumbani na hakuna tendo jingine. Pili, sharti lenyewe linakua. Kwa kuwa kila siku inaongeza mpira mmoja, kila siku matumaini yanapanda kidogo kuliko ya jana, na mtazamaji anayerudi kesho ana sababu halisi ya kurudi. Wasimulizi wa ngano wanaijua nguvu hii. Tukio linarudi kwa maneno yaleyale, namba tu inabadilika, na kila linaporudi msikilizaji anaegemea mbele zaidi. Tatu, na hili ndilo la ufundi zaidi, nyumba imesimama kati ya mpigaji na shimo. Anayepiga haoni. Mtazamaji anaona, kupitia kamera ya upande wa pili. Kwa sekunde kadhaa tunajua asilolijua yeye: mpira umedunda, umeviringika, umepita shimo kwa upana wa kiganja. Yeye yuko kule anangoja, anasikiliza, anakisia. Tofauti hiyo ya ujuzi kati ya mhusika na hadhira ni mojawapo ya nyenzo kongwe za tamthilia, na hapa imepatikana kwa paa la nyumba na kamera mbili.

Mikwaju mibaya ya mfululizo huu haifutwi wala haielezwi. Inarundikana. Kila mkwaju uliokosa unaongeza thamani ya ule utakaoingia, na hakuna anayejua utakuja siku ya ngapi. Kama angefaulu siku ya pili, tungekuwa na tukio la bahati. Kwa kuwa amefaulu siku ya kumi na sita, tuna hadithi. Bingwa ambaye runinga humwonyesha akiwa na hasira au na kombe, hapa tumemwona akishindwa kila siku mbele ya ukuta wake mwenyewe na kurudi kesho yake. Mkutano na waandishi wa habari usingeweza kumsawiri hivyo.

Kundi la Good Good lilianzishwa mwaka 2020, na miongoni mwa nguzo zake ni Garrett Clark, ambaye alikuwa na chaneli yake mwenyewe kabla ya hapo. Hapa msimulizi si mmoja. Wako vijana wanne, watano, hata zaidi, wanaoshindana kwa mitindo mbalimbali: wawili kwa wawili, mtoano, mechi ya shimo kwa shimo. Kila mmoja ana kipaza sauti, na hapo ndipo fani ilipo. Mkwaju mbaya ukipigwa, kamera haiufuati mpira kwa muda mrefu. Inageuka kuzitazama nyuso za wengine. Yupo anayejizuia kucheka, yupo anayetupa neno, yupo anayemtetea aliyekosa, na aliyekosa anajibu. Kosa limegeuka kuwa mazungumzo. Taharuki ya swali kwamba mpira umeangukia wapi inapungua, na mahali pake linakuja swali jingine: atamwambia nini sasa?

Mtindo huu ni wa malumbano, na mvuto wake ni wa wahusika wanaojulikana. Mtazamaji wa muda mrefu anajua nani anaingiwa na hofu akiwa mbele, nani huamka mwishoni, nani na nani hawataki kushindwa kabisa wanapokutana. Ndiyo maana mwanachama mmoja akiondoka mashabiki wanaumia kama wanavyoumia mhusika wa tamthilia ya runinga akiondolewa. Ujuzi huo wa watu ndio mtaji wa kampuni yao, inayouza pia mavazi na vifaa, na ambayo mwaka 2025 ilipata uwekezaji wa dola milioni 45 za Marekani. Udhaifu upo. Sauti zikiwa nyingi na uhariri ukiwa wa haraka mno, gofu yenyewe inageuka kuwa kisingizio. Zipo sehemu ambazo ukifumba macho hujui mchezo gani unachezwa. Kwangu mimi, video zao bora ni zile ambazo mwishoni kelele zinatulia zenyewe, kwa sababu aliyekuwa akitania sasa ana mpira wa mita mbili wa kuamua mechi, na wenzake wananyamaza kwa heshima. Utani wa mwanzo unaonekana kuwa ulikuwa ukiuandaa ukimya huo.

Bob Does Sports, chaneli ya Robby Berger na wenzake wanaojulikana kwa majina ya utani ya Joey Cold Cuts na Fat Perez, inapindua mizani. Hapa mkwaju mbaya ni hali ya kawaida, hautikisi mtu. Wanakula, wanakunywa, wanalalamika, wanasukumana kwa maneno, na mpira unakwenda popote. Kwa hiyo mkwaju mzuri ndio unaopata kazi ambayo kwa Shiels inafanywa na mbaya: ndio unaokatisha mwendo, unaowafanya wote wageuke, unaobadilisha hali ya hewa. Mtazamaji ambaye mwenyewe huchukua mikwaju mia na zaidi kumaliza raundi anajiona humo bila kubembelezwa. Kichekesho cha aina hii kinafaulu kwa sababu kinauheshimu upungufu. Watu hawa wanataka kweli kupiga vizuri, na shauku hiyo isingekuwepo vicheko vingekuwa vitupu.

Grant Horvat alikuwa mwanachama wa Good Good kabla ya kusimama peke yake, na ukimtazama unaona jinsi alivyopunguza kila kitu. Sauti ni ya chini, uhariri hauna haraka, mkono wake kwenye fimbo ni laini mno. Video zake nyingi ni mechi dhidi ya, au pamoja na, wachezaji wakubwa, Phil Mickelson akiwa mfano unaojulikana. Mkwaju mbaya kwake hupokewa kwa sekunde moja au mbili za kimya, kisha safari inaendelea. Mvuto hapa umo katika kutembea. Kati ya mkwaju na mkwaju, mkongwe anaeleza kwa nini aliufungua uso wa fimbo, au kwa nini alikataa kulenga bendera, na kijana anasikiliza kwa makini. Ni mahojiano yanayotembea, na kila swali linajibiwa mara mbili, kwa mdomo na kwa mpira. Mickelson akieleza jinsi ya kuuinua mpira juu ya mchanga kisha akafanya hivyo, tumepata maelezo na ushahidi kwa wakati mmoja. Wanaoiona video ya Horvat kuwa baridi wanaitafuta taharuki mahali ambapo hakuiweka.

Wote hawa wanashiriki nyenzo moja ambayo mtazamaji ameizoea hata haioni tena: mstari wa rangi unaochorwa angani kuufuata mpira. Uwanjani haupo. Huongezwa baadaye wakati wa kuhariri. Bila mstari, tukio lina hatua mbili tu, mpigo na mahali mpira ulipotua, na katikati ni anga tupu. Mstari unaijaza anga hiyo. Unatuonyesha mpira ukianza vizuri, ukipinda taratibu, ukikataa kurudi. Kosa linapata umbo na muda, na tunaliona likizaliwa. Faida yake ni kubwa, lakini mstari unaochorwa kila mara unaua shaka, maana tunajua mwisho kabla mchezaji hajaujua. Mhariri hodari huuchora pale umbo la mpira lina jambo la kusema, na kuuacha pale uso wa mchezaji unasema zaidi. Anayetaka kupima ufundi wa chaneli yoyote ya gofu na aanzie hapo.

Uthibitisho kwamba mvuto wa watu hawa uko katika fani ulipatikana baadhi yao walipoondolewa ndani ya fani yao. Agosti 2024, kabla ya shindano la Tour Championship kwenye uwanja wa East Lake mjini Atlanta, PGA Tour iliwaalika watayarishaji 16 kushindana kwa mashimo tisa, yakionyeshwa moja kwa moja. Luke Kwon, aliyewahi kuwa mchezaji wa kulipwa, alishinda. Tukio lilikuwa na furaha yake, lakini kwa mhakiki lilikuwa na funzo kubwa. Kamera zilirukaruka kati ya wachezaji kwa mtindo uleule wa runinga. Mara nyingi nia haikutamkwa kabla ya mkwaju. Wenzao walikuwa na nafasi ndogo ya kuujibu. Hakukuwa na uhariri wa kuamua mkwaju mbaya uchukue muda gani. Watu walewale wanaoshika mamilioni kwa saa nzima wakaonekana kama wachezaji wa kawaida kwenye shindano la kawaida, na mkwaju mbaya ukabaki kuwa mkwaju mbaya tu.

Horvat alilielewa hilo kuliko wengi. Mwaka 2025 alialikwa kucheza Barracuda Championship, shindano halisi la PGA Tour, nafasi ambayo wachezaji wengi wanaihangaikia miaka. Aliikataa, kwa kuwa kanuni za haki za matangazo hazingemruhusu kurekodi mchezo wake mwenyewe kwa chaneli yake. Wapo waliomwona kuwa amekosa shukrani. Mimi naona aliitetea kazi yake kama mwandishi anavyokataa kitabu chake kichapwe bila sura zake za katikati. Kilichokuwa kikiombwa kwake ni mikwaju bila usimulizi, na yeye anajua kwamba watazamaji wake walikuja kwa usimulizi.

Fani hii inaweza kutufaa hata nyumbani. Afrika Mashariki ina gofu yake, na mashindano ya Kenya Open, yaliyoanza mwaka 1967, yamewaleta wachezaji wa kimataifa Nairobi, kwenye viwanja kama Muthaiga na Karen. Mji ule uko mita 1,700 na zaidi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na mpira unakwenda mbali kuliko ulivyozoeleka. Hilo pekee ni mwanzo mzuri wa hadithi kwa kila mgeni anayekosea umbali. Tuna pia mhusika ambaye chaneli kubwa za Marekani, zinazotembea kwa vigari, zimempoteza: mbeba mfuko. Wachezaji wengi wa kulipwa wa Kenya walianza kwa kubeba mifuko ya wengine. Mtu huyo anaijua nyasi, anajua mteremko unakodanganya, na ana maoni juu ya kila fimbo inayotolewa. Kama video ya gofu kwa Kiswahili ingempa yeye kipaza sauti, mashauriano ya kabla ya mkwaju yangekuwa na sauti mbili na ukweli wa Shiels, na baada ya mkwaju mbaya yangekuja majibizano ambayo Good Good hawawezi kuyapata, kwa sababu yangekuwa kati ya watu wawili ambao mmoja ameajiriwa na mwenzake na bado ndiye anayejua zaidi. Lugha yetu ina adabu na ina ukali wa kutosha kulibeba jambo hilo.

Nikitakiwa kutoa hukumu, nitaitoa bila kuzungukazunguka. Kwa uaminifu wa fani, Break 75 ya Shiels inaongoza, maana inahesabu kila kosa na haimpendelei mtu. Kwa uhai wa wahusika, Good Good wako mbele, mradi wasiizamishe gofu ndani ya kelele. Kwa mtu anayetaka kujifunza, Horvat na wageni wake wanampa zaidi ya masomo mengi ya kulipia. Break 50 ina furaha ya kweli, lakini inapaswa kutazamwa kwa macho mawili, hasa mgeni anapokuwa na jambo la kuuza. Na kazi iliyo bora kuliko zote ni ile ya mipira 134 juu ya paa. Haikuhitaji uwanja maarufu, mgeni wala utani. Ilihitaji sharti moja lililotungwa vizuri na mtu aliyekuwa tayari kuonekana akikosa. Anayetaka kuanzisha chaneli leo asianze kwa kununua kamera ghali. Aanze kwa kuamua, kabla hajapiga mpira wa kwanza, mikwaju yake mibaya itafanya kazi gani.